"Kadi ni kadi tu": tunayoambiana Tabora kuhusu bima ya afya

Malipo ya tumbaku yakianza kutoka huwa napigiwa simu na ndugu zangu wa Urambo na Kaliua, hela ipo mkononi na swali ni lile lile, eti bima gani ya bei rahisi. Wananiuliza mimi sababu wanajua yaliyomkuta mzee wetu, nitayasimulia mbele. Na mimi siwatajii bei kwanza. Nawauliza: hapo nyumbani nani anaumwa nini, mkiugua huwa mnakimbilia hospitali gani, na mnataka bima ianze kufanya kazi lini. Hapo ndo wananiletea yale tunayoambiana mitaani, na mengine jamani yanatuumiza.

Kuna hili la "mimi mzima, bima ya nini". Wazee wengine wanaamini kabisa kwamba ukikata bima huku huumwi unajichuria. Ukweli ni kwamba bima inatakiwa ikatwe ukiwa mzima, maana bima nyingi za mtu kujiunga mwenyewe zina muda wa kusubiri, yani unalipa leo ila baadhi ya huduma unaanza kuzipata baada ya wiki au miezi kadhaa, na uzazi na oparesheni za kupangwa ndo zinasubirisha zaidi. Jirani yangu hapa Isevya alienda kukata bima mimba ina miezi saba, akalipa, akafurahi, siku ya kujifungua akaambiwa huduma ya uzazi kwake bado haijafunguliwa, na ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi aliyopewa, ila hakuna aliyemsomea na yeye hakuuliza.

Watu wanaona huo ni unyanyasaji lakini fikiria vikundi vyetu vya kufa na kuzikana. Nani anakubaliwa kujiunga siku msiba uko uani kwake? Kikundi kinasimama kwa sababu wengi wanachanga miezi yote na wachache ndo wanafiwa, na bima ni hivyo hivyo. Mwaka 2023 NHIF, yani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walisimamisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile bima yao ya watoto, na sababu waliyotoa ndo hiyo, wazazi wengi walikuwa wanawaleta watoto wakiwa tayari wagonjwa na mfuko unaelemewa. Kadi yenyewe ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Na hapa kwetu mtu asiseme haumwi, utafiti wa kitaifa wa 2022 uliopima malaria kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59 ulikuta Tabora asilimia kama 23 wanayo wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 8 hivi, yani sisi ndo tuliongoza. Mvua zikishaanza ndo kila mtu anakumbuka bima.

La pili ndo hilo nimeliweka juu, kadi ni kadi tu. Hapana jamani. Kadi ya CHF, yani Mfuko wa Afya ya Jamii, kadi ya NHIF na kadi ya kampuni binafsi ni vitu vitatu tofauti. Na CHF watu wa Tabora tungepaswa kuijua kuliko wote, maana mfuko huo ulianza kwa majaribio hapa hapa mkoani kwetu, Igunga, mwaka 1996, kabla ya kusambaa wilaya nyingine. Ulipokuja kuboreshwa 2018 mchango ukawa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na huduma zikawa zinaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa huku kwetu maana yake Kitete. Kwa kaya ya mkulima hiyo ni nafuu kubwa na sipendi mtu akiidharau. Ila ukishapewa rufaa ya kwenda Bugando Mwanza au Muhimbili, hapo kadi hiyo inabaki nyumbani na wewe unaanza kuuza vitu. Sasa mtu mwenye mtoto wa moyo, au mama aliyeshaambiwa ana uvimbe, huyo hawezi kuchagua kwa kuangalia 30,000 peke yake.

Hata hizo kubwa haziingii kila mlango. Vile vifurushi vya NHIF vya 2019, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, vilianzia 192,000 na vilikuwa vinapanda kufuatana na umri na idadi ya watu, na kila kimoja kilikuwa na orodha yake ya huduma, kwahiyo wawili wote mna kadi ya NHIF lakini mwenzako anapata kipimo wewe hupati. Alafu hospitali nazo zinaingia na kutoka, mwezi Machi 2024 bei mpya ambazo NHIF inazilipa hospitali zilipoanza kutumika baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kupokea kadi hizo na watu wakarudishwa getini. Ndo maana nasema kabla hujalipa nenda kwenye hospitali unayoitumia wewe, iwe Kitete, iwe Nkinga kule Igunga, simama dirisha la bima uliza: kifurushi hiki kwa jina lake mnakipokea? Mpaka vipimo na dawa au kumuona daktari tu? Dada wa dirishani ndo anajua kadi gani inasumbua, kuliko huyo wakala anayekufuata dukani na vipeperushi.

Sasa la mzee wetu.

Watu wanaamini kwamba ukiwa na presha au sukari ukaificha kwenye fomu unapata bima kirahisi na hakuna atakayejua. Mzee alikuwa anahudhuria kliniki ya presha miaka mingi, tukaamua watoto tumchangie bima ya kampuni moja binafsi, wakala akaja mpaka nyumbani, mtu mzuri anaongea kwa heshima, akakaa pale barazani na kalamu yake anamuuliza mzee maswali na kujaza. Kufika kwenye swali la magonjwa ya muda mrefu mzee akasema nina presha. Wakala akasema baba hapo tuweke hapana ili isichelewe kupita. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namenya karanga, nilisikia, nikanyamaza. Mzee akaweka sahihi.

Miezi tisa baadae akapata kiharusi. Siku mbili za mwanzo kadi ilifanya kazi, siku ya tatu kampuni ikaomba faili, na kwenye faili kuna tarehe zote za kliniki na dawa anazomeza kila asubuhi. Wakakataa kulipa. Wakala hapokei simu, na sahihi sio yake, ni ya mzee. Tuliuza ng'ombe wawili na pikipiki ya mdogo wangu kumaliza deni la hospitali, na mzee alipoanza kuongea vizuri tena kitu cha kwanza alichoniuliza ni kwani yeye alisema uongo wapi. Niliumia sana.

Kwahiyo ukweli ni huu, ukificha ugonjwa umewapa sababu ya kukataa siku unayowahitaji. Sema yote, hata wakikupandishia bei au wakasema ugonjwa huo tutauhudumia baada ya mwaka, angalau unajua umesimama wapi. Na fomu jaza mwenyewe au mtoto wako anayejua kusoma, usimpe mwenye kamisheni kalamu.

Mengine niyapitie haraka. Eti wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa 60 kwenda juu wasio na uwezo hawahitaji kitu kwa sababu ni bure: sera ya msamaha ipo kweli na udai haki yako, lakini ni kwa vituo vya serikali, na dawa ikikosekana pale utaandikiwa ukanunue nje. Eti mtumishi mmoja kwenye ukoo ana bima basi wote tumo: mtumishi anachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri 3, na wanaoingia ni yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hesabu nyumba yako uone nani yuko nje. Eti bei ndogo ndo nafuu: uliza kikomo cha mwaka, kulazwa ni shilingi ngapi na matibabu ya kwenda na kurudi ni ngapi, maana kuna bima za kulazwa tu ambazo malaria ya kawaida haimo kabisa. Na bei uliyosikia mwaka juzi usitembee nayo, tangu bunge lipitishe sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023 mambo yanabadilika, uliza ya leo.

Na kampuni ikikataa watu wanadhani ndo basi. Sio basi. Andika barua kwa kampuni, tunza nakala, wasipokujibu vizuri kuna TIRA ambao ndo wanasimamia kampuni za bima nchini na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sisi hatukufika huko kwa sababu hatukuwa hata na nakala ya fomu, wakala aliondoka nayo.

Mwaka huu nimemkatia mama. Fomu nimejaza mimi, yeye kakaa pembeni ananitajia, sukari tangu 2015, goti la kushoto, macho. Wamesema sukari itasubiri, sawa tutasubiri huku anaendelea na kliniki yake kwa hela. Kila ukurasa nimeupiga picha, ipo kwenye simu yangu na simu ya mdogo wangu.