Kumgeuza mama saa nane usiku nayo ni ibada

Swali ninaloulizwa sana nikienda majumbani halihusu mguu wala mkono. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Dodoma wengi wanatuita tu madaktari wa mazoezi, na nazungukia watu waliopata kiharusi, Chang'ombe, Nkuhungu, Ipagala, wakati mwingine mpaka Hombolo na Mvumi huko. Nikishamaliza na mgonjwa nanawa mikono, dada anayemuuguza ananisindikiza, na pale getini ndo linatoka: hivi dokta, Mungu ananiona kweli mimi? Mana kanisani siendi siku hizi, kwaya nimeacha, nikifungua Biblia nasinzia, kutwa ni kufua mashuka, kunyonyesha, kumlisha mama, kumgeuza mama, kesho tena hivyo hivyo.

Leo nimeamua nilijibu kwa maandishi na kwa urefu, kwa sababu jibu la getini linakuwa la haraka na mtoto analia ndani.

Dada yangu, hiyo kazi yenyewe ndo ibada yako ya msimu huu. Wala sikufariji tu, naamini hivyo kwa moyo wangu wote, kama mama na kama mtu ambaye kazi yake ni kushika miili ya watu wasiojiweza. Na kama ni ibada basi kuna mambo mawili yanafuata ambayo madhabahuni hayasemwi sana: ifanyike kwa ufundi, na isibebwe na mtu mmoja.

Nianze na ufundi, mana hapo ndo nina mengi.

Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe kitandani anatakiwa ageuzwe karibu kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa sababu uzito wa mwili unaikandamiza ngozi kwenye mfupa, damu haipiti vizuri, na nyama inaweza kuanza kufa kwa ndani kabla hujaona chochote juu. Sehemu za kuangalia ni pale mwisho wa mgongo kwenye makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, na kisogo. Utaambiwa angalia wekundu, ila kwa ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, kwaiyo angalia pale palipokolea kuliko pembeni yake au pana rangi ya zambarau, alafu gusa kwa nyuma ya mkono, kama pana joto au pamekuwa pagumu ujue kidonda kinataka kuanza. Usipasugue na usipakande, paondolee tu uzito, na pasipotulia mwoneshe muuguzi.

Kugeuza kwenyewe khanga inatosha. Tandika khanga iliyokunjwa chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani, mmoja ashike huku mwingine kule, mnamnyanyua kidogo na kumsogeza, msimburute, mana kuburuta kunachuna ngozi. Asilalie ubavu kabisa, aegemee kwa mto nyuma ya mgongo. Vigimbi viwekee mto ili visigino vining'inie hewani visiguse godoro. Na tafadhali sana ule mkono uliopooza msiuvute, iwe mnamkalisha au mnamvalisha gauni, ushikeni kwa chini kuanzia kwenye kiwiko, kwa sababu misuli iliyokuwa inalishikilia bega imelegea na bega linateremka taratibu, maumivu yake yanaweza kumsumbua miezi na miezi. Hapa kwetu Juni mpaka Agosti ule upepo mkavu unapausha ngozi ya kila mtu sembuse ya mgonjwa, kwaiyo mafuta ya kupaka kila akioga, hata kama maji ni ya mgao na anafutwa tu kwa kitambaa.

Kula nako kuna ufundi wake. Akae wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, chakula kiwekwe upande wa mdomo ulio mzima, subiri ameze ndo ulete kingine, ukimaliza chungulia shavuni kama kuna kilichobaki, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Maji matupu ndo yanawapalia wengi, uji mzito unashuka taratibu. Akiwa anakohoa kila akila, au sauti inakuwa kama ina maji maji kooni, mpeleke hospitali apimwe kumeza, chakula kikiingia kwenye mapafu ni nimonia na inaua.

Sasa mtu ataniuliza, imani iko wapi hapo kwenye vigimbi na uji. Iko hapo hapo. Kuna nyumba moja Nkuhungu, mama alipooza upande wa kulia na maneno yakapotea yote, ukimuuliza jina lake anakutazama tu machozi yanamtoka. Binti yake ana mtoto mchanga mgongoni, na ana tabia kila anapomgeuza mama anaimba wimbo wa zamani wa kanisani wa Kigogo, anaimba tu ili kazi iende. Siku hiyo nimeshika miguu, yeye ameshika khanga, ameanza ubeti wa kwanza, kufika kiitikio mama akaimba naye. Maneno kamili! Binti akaiachia khanga. Nikamwambia endelea, usinyamaze, endelea. Mama akaimba mpaka mwisho, alafu akajaribu kuongea, hakuna kitu.

Kitaalamu hilo linajulikana. Kwa watu wengi maneno yanatawaliwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, ndo maana aliyepooza kulia mara nyingi anapoteza na lugha, ila kuimba wimbo uliouzoea kunatumia na upande wa kulia, kwaiyo wimbo unaweza kubaki hata maneno yakiondoka, na wataalamu wa matamshi wanautumia kama mlango wa kurudishia maneno. Sala alizozisema tangu utoto nazo hivyo hivyo, Baba Yetu, Salamu Maria, Alhamdu, unaweza kuanza ukashangaa anamalizia. Yule binti alikuwa anajiona ameacha kwaya kumbe ana kwaya nyumbani na inamtibu mama yake. Kwaiyo imba mwenzangu, imba ukigeuza, ukifua, ukinyonyesha, Mungu anasikia na ubongo wa mgonjwa unasikia.

Familia moja ya Kiislamu mjini kati wao saa ya kumgeuzia baba ni adhana. Adhana ya Alfajiri inaanza mama mwenye nyumba anaamka, anamgeuza mzee, anatawadha, anaswali, na ya Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha hivyo hivyo, zile za katikati wanaweka alamu ya simu. Yule mama akaniambia Mwenyezi Mungu alipotutaka tuwafanyie wema wazazi alitaja uzee wao kabisa, kwaiyo yeye akiamka usiku anajua anajibu agizo. Nilijifunza kitu pale, kwamba sala ikifungwa na kazi ya mikono haikimbii hata ukiwa umechoka. Siku hizi nawaambia hata Wakristo wenzangu, kila kugeuza na sentensi moja ya sala, inatosha, hiyo ndo ibada yako ya asubuhi na ya jioni mpaka hali ibadilike.

Nikirudi kwenye lile la pili, la kutobeba peke yako. Hapa naongea kwa uchungu kidogo.

Wote mnaijua habari ya Musa pale Refidimu, Kutoka 17, Israeli wanapigana na Amaleki na Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono. Inahubiriwa sana kama somo la maombi. Mimi nikiisoma naisoma kama mtu wa misuli. Mikono ya Musa ikawa mizito, na ndivyo ilivyo, jaribu kunyanyua mikono yako sasa hivi uone dakika ngapi zinapita kabla bega halijaanza kuwaka moto, nabii au si nabii. Walichofanya kwanza ni kumletea jiwe akakaa. Alafu Haruni huku na Huri huku wakaishikilia mikono mpaka jua likachwa. Hakuna aliyemwambia aongeze imani. Kwaiyo dada unayejilaumu kwamba umechoka, mwili kuchoka ni mwili kuchoka, usiuhesabu kama dhambi.

Jumuiya zetu zina moyo, hilo nalisema bila wasiwasi. WAWATA, yaani akina mama Wakatoliki, wanakuja, akina mama wa Anglikana wanakuja, akina mama wa msikitini wanakuja, na sukari na sabuni na unga, wanaomba, wanaimba, wanakunywa chai aliyoipika yule yule dada ambaye usiku hakulala, wanaondoka. Naomba tubadilishe kidogo tu. Mkija wanne, watatu waondoke mmoja abaki saa tatu, aoneshwe kugeuza na kulisha, dada akalale. Kalale nasema, siyo akafue. Wekeni zamu kwenye kundi la watsapu kama mnavyoweka zamu za usafi wa kanisa, Jumanne fulani, Alhamisi fulani. Nimeona nyumba zilizofanya hivi na unaikuta tofauti usoni mwa yule dada na hata kwenye ngozi ya mgonjwa.

Na kaka zetu. Mnatuma hela kwa simu, tunashukuru, hela inanunua pampasi na dawa na nauli ya kliniki, ila mama amezaa sita na anauguzwa na mmoja, tena mara nyingi yule wa kike wa mwisho ambaye ana mtoto mdogo. Najua kwetu mtoto wa kiume kumuogesha mama yake ni aibu, na hiyo heshima siibezi. Lakini kumgeuza akiwa amefunikwa shuka anaweza, kumlisha anaweza, kuchota maji, kupika uji, kukesha zamu ya saa sita mpaka alfajiri, yote anaweza. Wafundisheni na wavulana wadogo hapo nyumbani, mtoto wa darasa la sita ana nguvu ya kushika pembe ya khanga.

Kwa walioajiriwa mjue pia sheria imekaaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na ikaweka siku zisizopungua 4 mtoto wa mwajiriwa akiugua au akifariki. Kwa mzazi, siku hizo iliziweka akifariki, kuugua kwake haikukutaja. Kwaiyo anayemuuguza mama yake anaombea hisani ya bosi au anakula likizo yake ya mwaka, na hilo wabunge wetu wako hapa hapa Dodoma, tuwaambie.

Kuna jambo la waliojifungua karibuni, na wengi ninaowakuta wanauguza huku wananyonyesha. Kulia lia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida na mara nyingi ndani ya wiki mbili kunapita. Ikizidi wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, humtamani mtoto, unawaza heri usingekuwepo, huo ni ugonjwa na una tiba, sema kliniki unapopeleka mtoto. Wakikuelekeza kwa wataalamu wa afya ya akili nenda, hata ikiwa ni Mirembe, jina lile tumelifanya tusi mitaani na ni hospitali inayotibu watu. Unaweza kusali na kutibiwa kwa pamoja. Na wewe Muislamu unayenyonyesha ukiogopa kudhurika wewe au mtoto, Ramadhani una rukhsa ya kutofunga, usijitese.

La mwisho ni la uponyaji, na najua nitawagusa watu. Nimekuta mgonjwa ameachishwa vidonge vya presha baada ya mkesha wa maombi, akaambiwa kuvimeza ni kutoamini. Presha ndo kisababishi kikubwa cha kiharusi na aliyepata kimoja yuko kwenye hatari kubwa ya kupata cha pili, kwaiyo ombeni, wekeni mikono, funga mfunge, na vidonge ameze kila siku. Na familia isiambiwe kwamba mama hajatembea kwa sababu kuna dhambi nyumbani. Mama hajatembea kwa sababu sehemu ya ubongo ilikosa damu, na nyuzi zilizobaki zinajifunza upya kwa kurudia rudia, kazi kubwa ikiwa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, ingawa hata baada ya hapo watu wanaendelea kupata nafuu. Kwaiyo kama mgonjwa wako ametoka wodini na hakuna mtu wa mazoezi aliyemuona, usingoje mpaka apate nguvu kwanza, rudi naye wiki hii hii, uliza idara ya fiziotherapia, nenda na yule atakayekuwa anamgeuza usiku ili tumuoneshe kwa mikono, na ubebe khanga mbili.