Vikao vya usalama Lubumbashi: yanayosemwa barabarani na yanayosemwa na sheria

Kila mara majambazi wenye silaha wanapoingia katika nyumba kadhaa usiku mmoja, iwe Katuba, Ruashi, Kampemba au pembezoni mwa komini (sehemu ya mji) ya Annexe, habari ya asubuhi huwa ni ile ile: meya au gavana amewaita wakuu wa usalama na kikao kimefanyika. Hata kabla wajumbe hawajatoka ukumbini, sisi wakaaji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tumekwisha kukitolea hukumu kikao hicho, wengine wakisema ni mchezo wa wakubwa, wengine wakingoja kitoe majina ya wezi jioni hiyo hiyo. Nimekaa mara kadhaa katika mikutano ya aina hii kwa upande wa mashirika ya raia, na nimeona kwamba maneno potofu hayatoki upande mmoja tu wa meza. Baadhi ni uongo mtupu. Mengine yana nusu ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo magumu kung'oa.

«Kikao cha usalama ni siri ya wakubwa, raia hana kiti pale»

Dhana hii imezaliwa na kuchanganya vyombo viwili. Cha kwanza ni kamati ya usalama, ambayo katika mkoa huongozwa na gavana na katika mji huongozwa na meya, nayo hukutanisha polisi, jeshi, idara ya upelelezi ANR, idara ya uhamiaji DGM na parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Pale raia hana kiti, na kusema kweli sioni ubaya wake, kwa sababu huwezi kusoma habari za mtoa taarifa mbele ya watu thelathini kisha ukategemea kwamba mtu huyo atalala salama.

Lakini kipo chombo cha pili, ambacho wengi hawajawahi kusikia jina lake. Sheria ya 11 Agosti 2011 kuhusu Polisi ya Taifa ya Kongo iliitaka polisi iwe karibu na wananchi, na mwaka 2013 amri ya Waziri Mkuu ikaunda mabaraza ya mahali kwa ajili ya usalama wa karibu, yale yanayofupishwa CLSP. Mfumo huu ulijaribiwa kwanza Bukavu, Matadi na Kananga. Bukavu, kwa mfano, palikuwa na majukwaa ya kartie, yaani ya mtaa, ambako wakaaji walitaja wenyewe mahali panapowatia hofu. Mwenyekiti wa baraza si kamanda wa polisi bali ni kiongozi wa utawala, yaani meya katika mji na burgumesta katika komini, na wawakilishi wa wakaaji wana nafasi yao. Mpangilio huo una sababu. Mambo mengi yanayomwogopesha mtu usiku si kazi ya polisi hata kidogo: barabara isiyo na taa, nyumba iliyoachwa bila kumalizwa, ugomvi wa kiwanja uliokaa miaka mitano bila jibu, mtaro unaowalazimisha wanafunzi kupita njia ya kichakani. Baraza hupaswa kwanza kuchunguza hali ya usalama ya mahali, kisha kuandika mpango wenye kazi ya kila mmoja.

Kwa hiyo anayeketi pale akingoja burgumesta aamuru fulani akamatwe amekosea mlango. Baraza halikamati wala halihukumu. Nimewahi kuona mjumbe akitoa mfukoni karatasi yenye majina ya «wezi wanaojulikana» na kuanza kuyasoma kwa sauti. Kama asingezuiwa, majina yale yangefika sokoni kabla ya saa sita mchana, na ibara ya 17 ya Katiba, inayosema kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, ingekuwa imebaki maandishi tu.

«Sisi tunawakamata, parke inawaachilia»

Hakuna lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko hili, na polisi wenyewe hulisema wakiwa ndani ya sare. Kijana amekamatwa Jumatatu, kartie nzima imemwona akipandishwa garini, na juma linalofuata yuko kwenye kona ile ile akicheka na wenzake. Aliyeibiwa ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mtu, ni vizuri kujua njia ambayo jalada hupitia.

Ibara ya 18 ya Katiba inasema kwamba mtu hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Muda huo ukiisha, ama aachiliwe, ama apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Jalada la afisa wa polisi ya mahakama, yule tunayemwita OPJ, linapofika parke, mwendesha mashtaka anaweza kutoa hati ya kukamata ya muda ikiwa zipo dalili nzito za hatia, lakini ndani ya siku 5 anapaswa kumfikisha mtuhumiwa mbele ya hakimu. Hakimu akikubali azuiliwe, uamuzi wake wa kwanza hudumu siku 15, kisha huweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Katika kila lango, swali ni moja: ndani ya jalada mna nini? Mara nyingi mna sentensi moja inayosema kwamba mtuhumiwa «anajulikana kwa wizi», na hakuna zaidi. Simu iliyoibiwa haikuandikwa aina wala namba yake, shahidi ameogopa kuweka sahihi, na mlalamikaji, aliyekwisha kupoteza siku mbili za biashara akingoja kwenye benchi, hakurudi tena. Hakimu anayemwachilia mtu kwa jalada la namna hiyo hakukisaliti kikao cha usalama. Ametimiza kazi yake. Tena kuachiliwa kwa muda si kusafishwa: kesi huendelea, na mtu anaweza kuitwa akiwa nyumbani kwake.

Nusu ya ukweli iliyomo katika dhana hii ni pesa, na sioni faida ya kuinong'ona. Wapo wanaotoka kwa sababu mtu amelipwa. Lakini pesa hiyo huanza kuharibu jalada mapema kuliko tunavyodhani, pale mlalamikaji maskini anapoombwa nauli ya kwenda kumkamata mtuhumiwa, pamoja na gharama ya karatasi za kuandikia maelezo, akaona heri akae kimya.

Tusisahau pia kwamba watu hutoka kwa milango mingine kabisa. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, akiwemo Gédéon Kyungu, kiongozi wa wanamgambo aliyekuwa amehukumiwa kifo. Hapakuwa na saini ya mwendesha mashtaka siku ile. Na yule aliyeiba kwa bunduki ya kivita, hata akiwa raia, sheria ya mahakama za kijeshi ya 18 Novemba 2002 humpeleka kwa mahakimu wa kijeshi, hivyo kuuliza habari zake katika parke ya kiraia ni kubisha kwenye nyumba asimolala. Mtu uliyemwona kwenye kona huenda ametoka kwa sababu saa 48 zimekwisha, au hakimu amekosa ushahidi, au amemaliza kifungo, au amehonga, au ametoroka. Sababu hizo tano zina wahusika watano tofauti. Ukifika kwenye baraza la komini na kusema «wanaachiliwa», kila mmoja ataitikia kwa kichwa na hakuna atakayejibu. Ukiuliza jalada la fulani, lililofunguliwa siku fulani, liliishia kwenye lango lipi, mtu mmoja mezani atalazimika kufungua daftari.

«Dawa ya jambazi ni kifo»

Sheria yetu imekwisha kuijaribu dawa hiyo kwenye karatasi. Tangu mwaka 1968 kanuni ya adhabu inasema kwamba wizi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifo, na vizazi viwili vya majambazi vimeishi chini ya kifungu hicho. Utekelezaji ulisimama mwaka 2003. Machi 2024 Wizara ya Sheria ilitangaza mwisho wa usitishaji huo, na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo ukatajwa waziwazi. Kinshasa waliwahi kwenda mbali zaidi: katika Operesheni Likofi, iliyoanza Novemba 2013 dhidi ya vijana wa magenge ya mitaani wanaoitwa kuluna, shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa na polisi. Desemba 2024 serikali ilikuwa bado inaanzisha operesheni nyingine dhidi ya kuluna wale wale. Jambazi anapopima hatari yake usiku, hapimi ukubwa wa adhabu ambayo hajawahi kuona ikitekelezwa. Anapima kama kuna atakayemtambua na kumfikia.

Kuhusu tairi na petroli, yaani mwizi kuchomwa moto na umati, sheria imeweka mpaka ulio wazi kuliko watu wanavyofikiri. Kifungu cha 6 cha kanuni ya mwenendo wa mashtaka kinamruhusu mtu yeyote, ikiwa hakuna OPJ wala mamlaka nyingine ya mahakama mahali pale, kumkamata aliyefumaniwa akitenda kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, na kumpeleka mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Kumkamata, basi, si kosa. Kumuua baada ya kumshika ni mauaji, hata kama mikono ni mia. Kwa jicho la upelelezi ni hasara tupu pia, kwa sababu aliyekufa hawezi kueleza bunduki aliikodi kwa nani wala nani alimwelekeza nyumba ile.

«Ni wageni walioshuka kwenye treni»

Dhana hii naiogopa kuliko nyingine zote, kwa maana katika mkoa wetu imekwisha kuua. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasaï walifukuzwa kwa maelfu kutoka miji ya Katanga, na wengi walifia kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Nao pia walisemwa kwamba ndio chanzo cha kila tatizo. Leo maneno yanafanana mno, safari hii yakielekezwa kwa vijana wa pikipiki na kwa jamaa zilizofika miaka ya karibuni.

Katiba, ibara ya 30, inampa kila aliye katika nchi haki ya kutembea na kukaa anapotaka, na ibara ya 17 inasema kwamba jukumu la kosa la jinai ni la mtu binafsi. Tuseme hata mtu hajali Katiba, aijali basi kazi ya upelelezi. Majambazi wanaofika moja kwa moja kwenye chumba cha mama aliyeuza kiwanja juzi hawakuongozwa na nyota. Mara nyingi kuna mtu wa karibu aliyezungumza, awe fundi, mpangaji au shemeji. Shahidi anayesema «alikuwa na lafudhi ya Kasaï» ametaja umati wa watu wa mji huu. Anayesema mmoja alichechemea, wa pili aliitwa jina fulani na wenzake, na walitokomea upande wa reli, ametaja watu wachache wanaoweza kutafutwa. Ikiwa shida ni kutojua nani anakaa wapi, hiyo ni shida ya daftari la wakaaji ambalo shefu wa kartie hajalijaza, na kabila halina nafasi ndani yake.

«Filimbi na masufuria vinatosha»

Wageni hushangaa wanaposikia kartie nzima ikipiga filimbi na masufuria saa nane usiku, sisi tumezoea. Ni njia nzuri ya kuamsha majirani na kumnyima jambazi utulivu. Udhaifu wake huonekana asubuhi, kila mtu anaporudi kulala na hakuna aliyeandika saa, avenyu wala uelekeo wa waliokimbia. Doria za vijana nazo, pasipo makubaliano na polisi, huishia kuwapekua wapita njia na kuwatoza pesa, na mara chache hukosa siku ambayo askari wa doria na kijana mwenye panga wanakutana gizani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwizi.

«Matukio yamepungua, takwimu zinaonyesha»

Hii ni ya upande wa pili wa meza, yaani wa wakuu wenyewe. Idadi inayosomwa kikaoni ni ya malalamiko yaliyoandikwa, na kartie ambayo watu wake wamechoka kulalamika huonekana tulivu kabisa kwenye jedwali.

«Polisi hashtakiwi»

Hushtakiwa, ila si mahali ambapo wengi hupeleka barua zao. Ibara ya 156 ya Katiba inaweka makosa ya polisi, sawa na ya wanajeshi, chini ya mahakama za kijeshi. Katika kesi ya Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu aliyeuawa Juni 2010, ilichukua takribani miaka 12, lakini Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu afisa wa polisi adhabu ya kifo. Miaka 12 ni mingi mno na siitetei. Anayedai kwamba polisi amemwibia au amempiga katika komini za Kenya au Kamalondo, hapa mjini, hupeleka malalamiko yake kwa auditora ya kijeshi, ambayo ndiyo parke ya mahakama hizo, akiandika tarehe, mahali na kitengo cha askari huyo, na hahitaji wakili ili barua yake ipokelewe.