Je, wajua? Haki ya elimu imo kwenye Katiba, lakini mahakamani haidaiki

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha. Mzazi wa Mbagala ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa mlinzi akiisoma, atadhani kesi anayo. Kwa ibara hiyo peke yake, hana.

Sababu iko kurasa chache nyuma. Ibara ya 11 imewekwa katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, inayoiongoza serikali katika kupanga mambo yake, na Ibara ya 7(2) inazizuia mahakama zote kuitilia nguvu sehemu hiyo. Haki zinazodaiwa Mahakama Kuu ni za Sehemu ya Tatu, Ibara ya 12 hadi 29, kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu muhimu. Wenzetu Kenya waliiweka elimu ya msingi ya bure na ya lazima kwenye Ibara ya 53 ya Katiba yao ya 2010, na huko inadaiwa.

Ndiyo maana mawakili wajuzi hupitia mlango wa usawa, ulio katika Sehemu ya Tatu. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipopinga Mahakama Kuu, Dar es Salaam, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi ilhali mvulana ni 18, aliegemea Ibara za 12, 13 na 18. Alishinda 2016, na rufaa ya serikali ikagonga mwamba 2019.

Sheria ya Elimu ya 1978 nayo, kifungu cha 35, inataka mtoto aliyefika miaka 7 na hajafika 13 aandikishwe shule ya msingi. Ila soma vizuri: anayebanwa hapo zaidi ni mzazi.

Na elimu bila ada? Hiyo ililetwa na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ikaanza Januari 2016. Waraka hutolewa na wizara na waraka mwingine unaweza kuubadilisha bila kupita Bungeni. Huo ndio udhaifu wake. Hata hivyo, kwa mzazi wa Mbagala ndiyo silaha ya karibu kuliko Katiba, kwa kuwa Waraka Na. 3 wa 2016 unakataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Kosa la wengi ni kwenda kugombana na mwalimu wa darasa kwa mdomo, kisha hakuna kumbukumbu. Andika barua kwa mwalimu mkuu: jina la mtoto, darasa, tarehe aliyorudishwa, kiasi kilichodaiwa na kwa ajili ya nini. Taja namba ya waraka. Nakala mpelekee Afisa Elimu Kata. Kimya kikizidi, nenda kwa mkurugenzi wa manispaa. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi kabla hujaondoka.