Nywele zinanyonyoka? Kabla ya kununua mafuta rudisha kalenda miezi mitatu nyuma

Siku ya kliniki ya ngozi hapa kwetu Kigoma haiishi bila kupita dada au mama kashika kitambaa kilichofungwa fundo, anakifungua taratibu juu ya meza, ndani kuna bonge la nywele. "Dokta ona, hizi ni za leo tu." Na nyuma ya hilo bonge kuna pesa imeshateketea, mafuta aliyouziwa soko la Mwanga, kitunguu alichosaga baada ya kuona video, vidonge vya vitamini ya biotini vya mwezi mzima, na mwishoni kuna shangazi kamwambia hizo nywele zimechezewa. Mimi kabla hata sijagusa kichwa nauliza swali ambalo wengi wanaliona halihusiani kabisa: miezi mitatu iliyopita ulikuwa unaendeleaje?

Nieleze kwa nini nauliza. Kichwani tuna nywele kama laki moja na kila moja ina kalenda yake, inaota miaka 2 mpaka 6, kama sentimita moja kwa mwezi, ikichoka inaacha kuota inapumzika kama miezi 3, alafu inadondoka na mpya inaanza kwenye kitundu kilekile. Kwa mtu mzima wa afya nywele 85 mpaka 90 katika kila 100 ziko kwenye kuota, zilizobaki ndo ziko njiani kutoka. Kwa hiyo kudondosha 50 mpaka 100 kwa siku sio ugonjwa. Sasa piga hesabu, umesuka rasta umekaa nazo wiki 6, hizo ni siku 42, zile za kila siku hazikuanguka chini zimenasa humohumo kwenye rasta, siku unafumua zinatoka kwa mpigo, 42 mara 50 ni nywele 2,100, na hiyo ni hesabu ya chini. Bonge nyingi ninazoletewa ni hizo tu. Na kile kinundu cheupe kwenye ncha kinachowatisha watu eti mzizi umeng'oka, hapana, hiyo ni alama kwamba unywele ulimaliza muda wake ukatoka kwa amani, kiwanda chenyewe kimebaki ndani ya ngozi.

Ila kuna wakati mwili unapata mshtuko, na mwili ukipata mshtuko unabana matumizi, nywele ni kitu cha kwanza kuachwa maana hakuna aliyekufa kwa kukosa nywele. Nywele nyingi zinaambiwa kwa pamoja acheni kuota pumzikeni, na kwa kuwa mapumziko yenyewe ni miezi 2 au 3 basi zinakuja kudondoka kwa pamoja wakati wewe umeshapona na umeshasahau. Hapo ndo watu wanapotea. Mtu alilazwa na malaria kali mwezi wa tatu, homa siku nne hashiki chakula, mwezi wa sita anachana nywele zinajaa kwenye chanuo, anailaumu shampuu aliyoanza wiki iliyopita! Shampuu haina kosa. Ni malaria, au ni taifodi, au ni upasuaji, wengine ilikuwa Covid, kuna waliofiwa, na kuna mabibi harusi watarajiwa waliojikondesha kwa kunywa maji ya limao mwezi mzima ili gauni liwakae, harusi imepita picha nzuri, miezi mitatu baadae nywele zinaaga.

Kubwa kuliko yote ni uzazi. Ukiwa mjamzito homoni zinazuia nywele zisidondoke kwa wakati wake, ndo ile mimba inapendeza mtu nywele zinajaa, ukishajifungua homoni zinashuka na zile zote zilizokuwa zimechelewa zinaondoka kama abiria waliosubiri treni siku tatu. Inaanza mtoto akiwa na miezi 2 mpaka 4, na wengi inakuwa imetulia kabla mtoto hajafikisha mwaka. Nimeshakutana na mama kaambiwa aache kunyonyesha kwa sababu eti maziwa ndo yanamaliza nywele. Tafadhali usiache kunyonyesha kwa ajili ya nywele, hayana uhusiano.

Aina hii ya kunyonyoka inapungua kichwa kizima, haiachi shilingi wala kiraka, ngozi haiwashi haiumi, na mara nyingi inajirudi yenyewe ndani ya miezi 6 kama kilichosababisha kimeondoka. Ndo maana wauza mafuta wanapata sifa za bure, mtu kaanza kupaka mwezi wa nne tangu zianze kudondoka, nywele zilikuwa zinarudi zenyewe, ushuhuda unaenda kwa mafuta. Isipojirudi, yani mwezi wa saba, wa nane tangu zianze bado zinadondoka, basi kuna kitu hakijaondoka na hapo tunapima. Nachoanza nacho ni damu, upungufu wa damu kwa wakina mama ni mwingi, hedhi nzito, mimba za kufuatana, minyoo ya safura kwa wanaolima peku. Alafu chakula. Hili linaniuma kidogo, tunakaa pembeni ya ziwa, dagaa na migebuka wetu wanapakiwa wanaenda mpaka Dar, Kasulu na Kibondo maharage yapo, lakini unakuta mama anayeanika dagaa Kibirizi kutwa nzima, nyumbani kwake jioni ni ugali wa muhogo na mboga ya majani basi, samaki wote kauza. Unywele umejengwa kwa protini, usipokula protini unajengwa na nini? Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi utamjua hata kwa nywele, zinakuwa nyepesi, rangi kama kutu, ukishika zinatoka bila yeye kulia.

Kingine kinachotafutwa ni tezi ya shingo, hasa kama mtu anachoka, anasikia baridi wakati wenzake wana joto, ananenepa hajui kwa nini, choo kigumu, na nyusi zimepungua upande wa nje. Chumvi tumia yenye madini joto, tunaokula muhogo sana inatuhusu zaidi maana muhogo unaweza kuzidisha tatizo la tezi pale madini joto yanapokuwa pungufu. Na kuna kaswende, msishangae, hatua yake ya pili inaweza kuacha kichwa kama nguo iliyoliwa na nondo, vipande vipande, kipimo chake ni rahisi na dawa ni sindano za penisilini, kwa hiyo nikikuandikia hicho kipimo na mume kakaa pembeni msinitengenezee ugomvi ofisini.

Sasa kalenda ya miezi mitatu ina mahali inapogoma, na hapo ni kwenye kusuka.

Wanaoishi Kibirizi na Katonga wanajua, siku za mbalamwezi maboti ya dagaa hayaendi ziwani kwa sababu taa hazivuti dagaa kama mwezi unawaka, kwa hiyo hizo ndo siku wakina mama wanapumzika na ndo siku za kusuka. Mama anasema kwa vile muda wa kusuka ni mara moja kwa mwezi basi msusi abane kweli kweli zikae mpaka mbalamwezi nyingine. Anabanwa mpaka macho yanavutika, usiku hawezi kulala upande, anameza panado. Hiyo panado ndo habari yenyewe. Kichwa kikiuma baada ya kusuka, au ukaona vipele vidogo kwenye mistari ya mbele, ujue kila kinyweleo kinavutwa kama kamba ya boti, mchana na usiku, wiki nne. Mwaka wa kwanza nywele za mbele na za pembeni juu ya masikio zinalegea, ukiacha zinarudi. Ukiendelea miaka mitano kumi, kitundu kinaziba kwa kovu, ngozi inakuwa laini inang'aa, na hapo hakuna mafuta, hakuna mawese, hakuna kitunguu, hakuna dawa yangu mimi itakayorudisha. Nasema hivi nikiwa na uchungu wangu, nilipokuwa chuo nilipenda rasta ndogo ndogo za kubana juu, leo hii nywele zangu za pembeni upande wa kulia ni chache kuliko kushoto na nafanya kazi ya ngozi.

Vibaya zaidi ni kusuka juu ya nywele iliyotiwa dawa. Hapa Kigoma kila mtu anajua kostiki, ndo ile inageuza mawese kuwa sabuni, na wachemsha sabuni wanajua ikikurukia inafanya nini. Basi baadhi ya dawa za kulainisha nywele ndani yake ni kostiki hiyohiyo, sodiamu haidroksaidi, imepunguzwa tu makali. Inavunja vifungo vya ndani vya unywele ndo maana unanyooka, lakini unywele ulionyooshwa hivyo umepungua nguvu, ukiusuka na kuubebesha rasta nzito unakatika. Na hapo tofautisheni, kukatika na kunyonyoka ni vitu viwili. Uliokatika ni kipande kifupi, hauna kile kinundu cheupe kwenye ncha, tatizo ni dawa, pasi ya nywele au draya. Ulionyonyoka umetoka mzima na kinundu chake, na kama zimezidi zile za kawaida tatizo liko mwilini au kwenye ngozi. Dakika mbili kwenye mwanga wa dirisha zinatosha kujua, na ni bure. Kwenye kukatika ndo mafuta yana kazi kweli, mawese au nazi yanaupa unywele ulaini usivunjike, bibi zetu hawakukosea.

Kuna akina mama wanaanza kupungukiwa katikati ya utosi, kinaanza kiduara kidogo kinaongezeka mwaka kwa mwaka kuelekea nje, panawasha au panachoma. Huo ni ugonjwa unaotia kovu na unatupata zaidi sisi wanawake weusi, mwaka 2019 watafiti walikuta baadhi ya wenye nao wana hitilafu kwenye jeni, yani ile ya kurithi kwa wazazi, inayohusika na kuumba unywele, kwa hiyo sio kusuka peke yake. Huu usisubiri, kila mwezi unaopita kuna vitundu vinafungwa.

Kwa watoto asilimia kubwa ninayoona ni mapunye. Mabaka ya duara, magamba, nywele zimekatikia juu ya ngozi kama vidoti vyeusi, na darasa zima linayo kwa sababu mashine ya kunyolea ni moja na haifutwi hata na spiriti. Wazazi wanapaka krimu miezi, wanapaka mafuta ya taa (jamani!), haiponi kwa sababu fangasi ameingia ndani ya unywele wenyewe na krimu haifiki huko, inatakiwa dawa ya kumeza kama griseofulvini wiki 6 mpaka 8 au terbinafini, kwa uzito wa mtoto. Ikivimba ikawa laini kama jipu na usaha msimpeleke mtoto kupasuliwa, hilo sio jipu, ni mwili unapigana na fangasi, ukilipasua unaongeza kovu bure.

Ile ya kiduara kilichong'aa, laini kabisa, hakina magamba, mtu kaamka tu kakikuta, ndo inayosemwa mende kala usiku au jirani kafanya yake. Ni kinga ya mwili imekosea inashambulia vinyweleo vyake yenyewe. Kiraka kimoja viwili mara nyingi vinaota vyenyewe ndani ya mwaka, tukitaka kuharakisha tunachoma sindano ndogo palepale. Kwa watu wazima walionyonyoka sehemu kubwa ya kichwa Marekani waliidhinisha kidonge cha baricitinibu mwaka 2022, ila bei yake tuiache kwanza.

Wanaume najua mmesubiri. Upara wa paji na utosi ni urithi na homoni, na urithi unatoka pande zote, acheni kumlaumu mjomba peke yake. Minoksidili ya kupaka inasaidia baadhi, unaisubiri miezi minne na kuendelea, na ukiacha nywele inaondoka tena. Wengi nawaambia nyoa, ni nafuu. Ila kinyozi asikwangue mpaka ngozi kila wiki kama una vile vinundu vya kisogoni, ndo vinavyozidi vinakuwa makovu.

Dawa nazo zipo, za saratani zinaondoa nywele wiki chache tu na zikiisha zinarudi, baadhi za kifafa na za kuzuia damu kuganda zinapunguza, usiache dawa yoyote kwa ajili ya nywele kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Na biotini, kama huna upungufu wake, na upungufu ni nadra, unanunua mkojo wa gharama, alafu inaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi kwa hiyo niambie kama unameza.

Mkija njooni na tarehe, homa ilikuwa lini, ulijifungua lini, dawa gani za nywele na makopo yake, picha ya kichwa ya mwaka jana kwenye simu inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Wengi wetu tunaoshughulika na ngozi mikoani tumefundishwa kituo cha ngozi kilichopo hospitali ya KCMC Moshi, kilianza 1992, na kitu cha kwanza tulichoambiwa pale ni kuangalia ngozi yenyewe. Kwa hiyo naomba mje mmefumua. Nimekaa mara nyingi na dada kasuka juzi kwa elfu thelathini, hataki kufumua, mimi siwezi kuona ngozi, tunabaki tunaangaliana mpaka anaaga.