Kwa nini kampuni iwe na TIN yake wakati mwenye kampuni tayari anayo?

Siku tuliyokwenda kufungua akaunti ya kampuni yetu, nilijaza kwenye fomu TIN yangu mwenyewe, yaani namba yangu ya mlipakodi, tarakimu zote tisa. Dada wa dirishani akaizungushia duara kwa kalamu. "Kaka, hii ni yako. Ya kampuni iko wapi?" Niliona ni usumbufu: kampuni yangu, TIN yangu, kuna tatizo gani?

Tatizo ni kwamba BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ikishatoa cheti cha usajili, kisheria amezaliwa mtu mwingine, yaani kampuni yenyewe, naye anaombewa TIN yake TRA, mamlaka ya mapato. Wengi tunachanganyikiwa kwa sababu TIN za wakurugenzi huombwa mapema, wakati wa kuisajili kampuni. Zile zinawatambulisha wao tu.

Chukua sanduku la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu. Linalala chini ya kitanda cha mama mmoja, na mtaa mzima unajua. Mwanawe akiugua usiku, hawezi kulifungua peke yake. Mpaka wenye funguo waje, na atakachochukua kinaandikwa kuwa mkopo. Akidaiwa dukani, mwenye duka hawezi kuja kulibeba. Kampuni ni sanduku la namna hiyo, hata kama karibu hisa zote ni za mtu mmoja. Huko London, Aron Salomon, mtengeneza viatu, alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007. Sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto watano. Kampuni ilipofilisika, wadai wakamtaka yeye alipe. Novemba 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema deni ni la kampuni. Msingi huo ndio tunaoutumia Tanzania hadi leo.

Kodi nayo inafuata sanduku. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake hazichanganywi na za mwenye hisa. Gawio, yaani sehemu yake ya faida, hukatwa kodi ya zuio kabla ya kumfikia.

Ila ukisajili jina la biashara tu, hajazaliwa mtu mpya: unatumia TIN yako mwenyewe. Na ukuta wa kampuni una mlango. Kampuni isipolipa kodi yake, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inairuhusu TRA kuwadai walioisimamia, kwa TIN zao wenyewe.