Je, wajua? Kwenye lachesi, kuchelewa kudai peke yake hakukupotezei haki

Kwa muda mrefu mi niliamini, na watu nimewaambia kabisa, kwamba lachesi (kwa Kiingereza laches) ni jina tu la kisheria la kesi iliyopitwa na muda, yaani umekaa sana bila kudai basi mahakama inakufungia mlango. Nilikosea, na kosa lenyewe sio dogo, maana kuna mtu anaweza kuacha haki yake iende akidhani ameshachelewa wakati bado anayo.

Hivi ni vitu viwili tofauti. Ukomo wa muda unaenda kwa kalenda: sheria imetaja miaka, ikipita kwa kawaida umekwisha, hata kama yule unayemshtaki kuchelewa kwako hakujamgusa popote. Lachesi haina kalenda. Hakuna mahali pameandikwa miaka 3 au 12. Ni utetezi, anautoa aliyeshtakiwa, anamwambia jaji huyu mwenzangu alijua, nafasi ya kuja alikuwa nayo, akakaa kimya bila sababu ya maana, na kwa ajili ya kimya chake mi nikaendelea na mambo yangu mpaka nimefika mahali ambapo ukimpa anachotaka leo nitaumia kuliko ambavyo ningeumia angekuja mapema. Ona sentensi ilivyo ndefu, na kila kipande chake kina kazi. Kama hakujua, utetezi unayumba. Kama alijua ila alikuwa na sababu nzuri ya kusubiri, unayumba. Kama hakuna aliyeumia, ndo kabisa.

Neno limetoka Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni Kilatini, laxus, kulegea. Lilikulia kwenye Mahakama ya Chancery huko Uingereza, ile iliyokuwa inatoa nafuu za ekwiti, yaani jaji anamwamuru mtu aache kufanya kitu, au atimize mkataba alioingia, badala ya kulipa fidia tu. Msemo wao maarufu ni kwamba ekwiti humsaidia aliye macho, sio anayelala na haki yake. Na msemo huu ndo ulionipoteza, kwa sababu ukiusoma wenyewe unaona kosa ni kulala.

Rudi kwenye huo mzizi, kulegea. Chukua kamba yako, umeiacha imelegea chini miaka 20. Haijakatika, bado ni yako, siku ukitaka unaivuta. Ila tuseme katikati hapo mtu kapita akaikuta hivyo, akajenga juu yake, na wewe unamwona anachimba msingi, unamwona anapandisha ukuta, mnasalimiana kila asubuhi, anaezeka paa, na siku anahamia ndo unaishika kamba unavuta. Nyumba inabomoka. Kamba ni ileile na miaka ni ileile, kilichobadilika ni uzito ulioacha uwekwe juu yake huku unatazama. Lachesi inapima uzito huo. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo tunalolifikiria ni la anayengoja, lakini jaji hapa anauliza kuhusu tumbo la yule wa pili.

Uzito sio lazima uwe nyumba. Shahidi pekee aliyekuwepo amefariki, karatasi zimeshatupwa, sasa aliyeshtakiwa hana cha kujitetea nacho, hayo nayo ni maumivu. Ila hapa majaji hawafanani, kuna wanaotaka uonyeshe kabisa ni ushahidi gani umepotea, na kuna ambao muda ukiwa mrefu sana wanachukulia tu kwamba umeharibika. Kwa hiyo usitegemee jibu moja kila mahali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mpiga kinanda Matthew Fisher wa bendi ya Procol Harum. Wimbo wao A Whiter Shade of Pale ulitoka 1967, sehemu ya kinanda inayojulikana dunia nzima aliitunga yeye, jina lake halikuandikwa kwenye watunzi, na akaja kushtaki 2005. Miaka 38! Mahakama ya kwanza ikampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki, mahakama ya rufani 2008 ikasema sawa ni mtunzi lakini kwa kuchelewa hivyo pesa hapati, halafu House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 2009 wakamrudishia haki yake. Hoja ni ileile ya kamba: wenzake hawakuumizwa na ule muda, tena waliufaidi, maana miaka yote ile mapato walikuwa wanachukua wao, na ya nyuma mahakama haikumpa.

Marekani kuna mpaka mwingine umewekwa. Paula Petrella alirithi haki za muswada wa filamu uliohusu bondia Jake LaMotta, akashtaki 2009 juu ya filamu ya 1980, Raging Bull, akidai imetokana na muswada huo, na studio ikajitetea kwa lachesi kwamba alisubiri miaka 18 tangu alipoihuisha hakimiliki 1991. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya huko ikakataa, kwa kura 6 dhidi ya 3: sheria ya hakimiliki inampa mtu miaka 3 kwa kila ukiukaji, kwa hiyo jaji hawezi kutumia lachesi kuifupisha kwa madai ya fidia ya ndani ya miaka hiyo. Mwaka 2017 wakasema hivyohivyo kwenye hataza, yaani haki za uvumbuzi, ambako miaka ni 6. Maana yake lachesi ilizaliwa kuziba mahali ambapo sheria haijataja muda, na bunge likishautaja inabidi ikae pembeni, ingawa kwenye zile amri za kuzuia na kulazimisha kuchelewa kwako bado kunaweza kuangaliwa wakati jaji anaamua akupe nafuu gani.