Seli za mfupa chini ya hadubini: yanayodhaniwa na yanayopimika

Dhana: Seli shina (seli mama inayozaa seli nyingine) ikionekana karibu na mshipa wa damu, basi imeuchagua mshipa huo.

Ukweli: Huenda haikuchagua chochote. Uboho umejaa vijishipa, hata nukta iliyotupwa ovyo huangukia karibu na kimojawapo. Umbali wa mikromita 10, ukitajwa peke yake, hauthibitishi kitu. Pima umbali wa kila seli hadi mshipa ulio karibu nayo zaidi, kisha iamuru kompyuta itawanye nukta za idadi ileile ndani ya uboho uleule. Rudia mara 999. Wastani wa seli halisi ukiwa mdogo kuliko wastani wa kila mtawanyo, p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ni 0.001, na hapo una la kusema.

Wengi hukosea kwa kutawanya nukta kwenye picha nzima, mfupa mgumu ukiwemo. Nukta za humo huwa mbali na mishipa, basi seli halisi zaonekana zimeikumbatia hata kama sivyo. Afadhali nukta zichaguliwe kutoka kwenye seli nyingine za uboho huohuo, kwa sababu huko ndiko seli inakoweza kukaa.

Dhana: Kipande cha mfupa chenye unene wa mikromita 5 chatosha.

Ukweli: Chatosha kuhesabu, si kupima ujirani. Jirani wa kweli huenda amebaki kwenye kipande kilichokatwa kabla yake, nawe ukaandika umbali mrefu kupita kiasi. Kata nene, mikromita 50 au zaidi, upige picha tabaka kwa tabaka.

Dhana: Tindikali kali huokoa muda wa kulainisha mfupa.

Ukweli: Huokoa siku, hupoteza alama za seli ambazo kingamwili, protini za kuzitambulisha seli, hushika. Tumia EDTA, kemikali inayotoa kalsiamu mfupani polepole, ya asilimia 14, pH 7.2 hadi 7.4, ukiibadilisha kila siku mbili tatu. Paja la panya huchukua kama wiki mbili. Kabla ya hapo, formalini, dawa ya kuzuia tishu zisioze. Na kwa joto la Mombasa mfupa usingoje: utie kwenye formalini mara tu unapotolewa.

Dhana: Ukungu kidogo kwenye lenzi huharibu urembo wa picha tu.

Ukweli: Unyevu wa Pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, na pembe ya picha iliyofifia huficha seli hafifu. Programu itazihesabu zilizobaki na kukuambia zimejikusanya katikati. Lenzi zikae kwenye kabati kavu lenye silika jeli, chembe za kunyonya unyevu. Kiyoyozi nacho kisiwashwe na kuzimwa wakati hadubini inapiga picha ndefu. Joto likibadilika, fokasi huhama na tabaka hazilingani.